Siku 30 za kwanza China: laini, benki, alafu ndo pasipoti uikabidhi

Kila ikifika mwezi wa nane napata meseji za wadogo zangu waliopata admisheni za vyuo vya China, na karibu wote wanaanza na swali moja, "kaka nibebe nini?" Kwanza hongereni sana. Ila mi naona hilo sio swali la kuanza nalo, maana ndoo, mashuka, sabuni, sufuria, vyote vipo huku tena kwa bei nafuu. Kinachowatesa watu wiki za mwanzo ni mpangilio. Kuna siku utaikabidhi pasipoti yako polisi ili upewe kibali cha ukaazi, na inaweza kukaa huko wiki moja mpaka tatu, na wakati huo laini ya simu inataka pasipoti, benki wanataka pasipoti, kubadili dola wanataka pasipoti. Nimeona mtu amekaa wiki mbili hana namba ya China, hana akaunti, ana dola mfukoni na hawezi kununua hata chai, yote kwasababu alikimbilia kibali kabla ya vitu vingine. Kwahiyo naandika hapa kwa mfuatano niliotamani mimi niambiwe kabla sijatua Wuhan.

Hatua ya 1: ukiwa bado nyumbani

Fungua WeChat, programu ya simu ambayo huku ndo ya meseji na ya kulipia, ukiwa bado Dar au Nairobi au popote ulipo. Akaunti mpya mara nyingi inadai mtu mwingine mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe kwa kuskani alama ya QR kwenye simu yako, na ukiwa umeshatua humjui mtu, ni shida. Mtafute mwanafunzi aliyeko China au aliyerudi likizo akufanyie. Ukimaliza mfungulie na mama au dada yako pia, maana WhatsApp, Facebook, Instagram, YouTube na kila kitu cha Google havifunguki kwenye mtandao wa China. Ukiwa kwenye roaming ya laini ya nyumbani vinafunguka, kwasababu data yako inapitia mtandao wa kwenu, ila bando lake sio la kuongelea na mama saa nzima.

Hapo hapo pakua na Alipay ya kulipia kwa simu, Amap ya ramani, DiDi ya kuita taksi, Pleco ambayo ni kamusi ya Kichina, na programu ya kutafsiri ya Baidu. Usiseme utapakua ukifika, Play Store nayo ni ya Google. Na hili watu wengi hawalifikirii: barua zako zote za chuo ziko Gmail na skani za vyeti umeziweka Google Drive, sasa unafika uwanja wa ndege unaulizwa barua ya admisheni na simu inazunguka tu. Hifadhi kila kitu ndani ya simu yenyewe na kwenye flashi, na ufungue barua pepe nyingine isiyo ya Gmail uwape chuo.

Kadi ya benki yako ya Visa au Mastercard iunganishe na Alipay na WeChat, siku hizi tangu 2023 inakubali kirahisi. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayana makato, yakizidi hapo wanakata asilimia 3. Nenda benki yako mapema uwaambie wafungue malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi, na washa roaming kwenye laini yako, kwasababu ile namba ya siri ya benki itatumwa kwenye laini ya nyumbani. Ukiiacha laini nyumbani kwa mdogo wako umejifungia mlango.

Makaratasi sasa. Utakuwa na barua ya admisheni na fomu ya JW201 kama unalipiwa na serikali ya China, au JW202 kama unajilipia. Orijino zote, pamoja na fomu ya uchunguzi wa afya, majibu ya damu na picha ya eksirei, zinakaa kwenye begi la mkononi. Sio kwenye begi kubwa. Mimi begi langu kubwa lilichelewa siku mbili na barua ya admisheni ilikuwa ndani, siku mbili zile kila ofisi niliyoenda walinirudisha, na saa 24 za kusajili polisi mahali unapolala (ziko Hatua ya 3) zilinipita nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Namshukuru afisa mmoja alinielewa. Toa kopi tano tano za kila kitu na piga picha za pasipoti zenye background nyeupe, kumi na mbili sio nyingi.

Kuhusu fomu ya afya, hakikisha hospitali wamegonga muhuri juu ya picha yako, nusu kwenye picha nusu kwenye karatasi. Picha isipogongwa muhuri fomu haikubaliki. Na majibu yana uhai wa miezi 6 tu, kwahiyo usipime mapema mno ukaja kurudia. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti.

Hela. Kama una skolashipu ya serikali ya China posho ni yuani 2,500 kwa mwezi kwa digrii ya kwanza, 3,000 masters, 3,500 PhD, lakini haikusubirii mlangoni, ya kwanza inaweza kuchukua wiki kadhaa mpaka akaunti yako iingie kwenye mfumo wa chuo. Mi nashauri uje na dola kama 1,000 kama familia inaweza, noti safi zisizochanika. Ukibeba kuzidi dola 5,000 taslimu unatakiwa uzitangaze kwa watu wa forodha. Nyama, samaki, matunda mabichi, mbegu, maziwa, usibebe, vitachukuliwa uwanjani. Beba adapta mbili za soketi kwasababu chaja zetu za miguu mitatu minene haziingii kwenye soketi za huku, umeme wenyewe ni volti 220 hauna shida.

Hatua ya 2: siku ya kutua

Uhamiaji unapita kwenye uwanja wa kwanza wa China unaotua, hata kama safari yako inaendelea. Wengi wetu tunaingilia Guangzhou. Utajaza kadi ya kuingia, utaweka alama za vidole, utaulizwa unaenda wapi. Chapisha anuani ya chuo kwa herufi za Kichina pamoja na namba ya simu ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, herufi kubwa kabisa, ishike mkononi. Karatasi hiyo itakusaidia kuliko Kiingereza chako chote, maana dereva taksi haisomi anuani ya Kiingereza.

Ukitoka nje kuna watu watakufuata "taxi, taxi". Wapite, nenda kwenye foleni rasmi au ingia metro. Kama unaunganisha na treni ya mwendokasi kwenda mkoani, mfano Guangzhou mpaka Wuhan ambayo ni masaa kama manne, fahamu kwamba uwanja wa ndege wa Baiyun na stesheni ya Guangzhou South viko mbali sana, acha nafasi ya masaa manne kati ya kutua na treni. Tiketi unakata kwa pasipoti na pasipoti yenyewe ndo tiketi. Wenzako wachina watagusisha kitambulisho kwenye mashine na kupita, wewe tafuta geti lenye mtu, mpe pasipoti.

Tahadhari moja kubwa: viza ya X1, yaani ya mwanafunzi wa muda mrefu, mara nyingi ni ya kuingia mara moja tu. Hong Kong na Macau zinahesabika kama umetoka China. Usije ukashawishika kwenda kutembea Hong Kong kwasababu uko karibu, ukitoka kabla ya kibali viza imeisha kazi.

Hatua ya 3: saa 24 za kwanza

Ukilala hoteli, hoteli wanakusajili polisi wenyewe. Ukiingia hosteli ya chuo, uliza pale pale kama chuo wanasajili au unaenda mwenyewe kituo cha polisi cha mtaa, kinaitwa paichusuo. Ukilala kwa rafiki, hata usiku mmoja, ni wewe na rafiki yako mnaoenda kusajili ndani ya saa 24. Sheria iliyoanza kutumika 2013 inaruhusu faini mpaka yuani 2,000 kwa asiyesajili. Karatasi utakayopewa itunze kama pasipoti, utaombwa mara nyingi. Na ukihama chumba kwenda mtaa mwingine unasajili upya.

Hosteli utapewa ufunguo, utatoa dipoziti, omba risiti na uiweke pamoja na ile ya polisi. Kitanda ni kigumu, mara nyingi ni ubao na kijigodoro chembamba, nunua godoro la kuongezea mapema usisubiri mgongo uume. Uliza mlango unafungwa saa ngapi usiku, vyuo vingi ni saa tano. Vyoo vingi vya nje ni vya kuchuchumaa na havina karatasi, tembea na pakti yako ya tishu.

Hatua ya 4: siku ya 2 mpaka ya 5, laini, benki na dola

Hapa ndo kiini cha mwongozo huu, fanya kabla hujaikabidhi pasipoti popote.

Anza na laini. Kuna China Mobile, China Unicom na China Telecom, chagua ile ambayo wenzako hosteli wanaitumia maana mara nyingi kuna bei ya wanafunzi mwezi wa tisa. Utapigwa picha na kusajiliwa kwa pasipoti. Angalia jina lako limeandikwaje. Narudia, angalia jina lako. Kama pasipoti inasema JUMA HAMISI ALLY basi laini iwe hivyo hivyo, kwa mpangilio huo huo na nafasi zile zile, kwasababu benki ikiandika ALLY JUMA HAMISI alafu laini ikasema vingine, WeChat itakataa kuunganisha akaunti na utazunguka kati ya kaunta mbili kila mmoja anakwambia kosa ni la mwenzake. Sisi wenye majina matatu hili linatupata sana. Ukiona kosa piga picha skrini ya mhudumu, mwonyeshe pasipoti, arekebishe kabla hujatoka pale.

Baada ya laini nenda benki ukiwa na pasipoti, barua ya admisheni, karatasi ya polisi na hiyo namba mpya. Usiende benki yoyote tu, nenda tawi ambalo chuo chako kinalitumia kulipia posho, wale wameshazoea wageni. Matawi yanatofautiana, lingine watakwambia urudi ukiwa na kibali cha ukaazi, wakisema hivyo usigombane, jaribu tawi jingine la karibu na chuo, na wakikataa wote basi Alipay yenye kadi ya nyumbani itakuvusha. Enda asubuhi na beba chakula, mimi nilikaa masaa matatu. Siku hiyo hiyo badili dola zako pale pale benki, usibadili kwa mtu wa mtaani hata kama ni mwafrika mwenzako.

Ukishaunganisha benki na WeChat maisha yanabadilika kabisa, muuza viazi wa barabarani ana alama ya QR ameitundika kwenye mkokoteni. Lakini weka yuani mia mbili tatu taslimu kwenye begi, simu ikizima chaji usiku ukiwa mbali ndo utakumbuka.

Hatua ya 5: afya alafu kibali

Ndani ya siku 30 tangu utue lazima uwe umeomba kibali cha ukaazi. Sasa piga hesabu na mimi. Umetua tarehe 5 Septemba, siku ya 30 inaangukia tarehe 5 Oktoba, na tarehe 1 mpaka 7 Oktoba ni sikukuu ya taifa, ofisi zinafungwa. Maana yake wewe mwisho wako ni mwishoni mwa Septemba, tena maelfu ya wanafunzi wenzako nao wako foleni ile ile. Anza wiki ya kwanza. Ukizidisha siku faini ni yuani 500 kwa siku mpaka 10,000, na doa linabaki kwenye rekodi yako.

Kwanza unaenda kituo cha afya cha wasafiri wa kimataifa kuhakiki yale majibu ya nyumbani. Wengine wanapitishwa, wengine wanarudiwa vipimo vyote, damu, eksirei, moyo, macho. Nenda bila kula asubuhi, tembea na biskuti ule ukishatolewa damu. Kopi hazikubaliki, wanataka orijino.

Ukipata karatasi ya afya, chuo wanakupa barua, unaenda ofisi ya uhamiaji ya polisi na pasipoti, picha, JW201 au JW202, admisheni, karatasi ya paichusuo. Ada ni yuani 400 kwa kibali cha chini ya mwaka, 800 kwa mwaka mmoja mpaka chini ya mitatu. Kabla ya kuikabidhi pasipoti piga picha ukurasa wa picha, ukurasa wa viza na ule wenye muhuri wa kuingilia. Utapewa risiti yenye picha yako, hiyo ndo pasipoti yako kwa siku hizo, hata treni ya ndani unapanda nayo. Wenye skolashipu bima mnalipiwa, wanaojilipia ni yuani 800 kwa mwaka, ilipe, hospitali za huku unajiandikisha na kulipa kwanza ndo unamwona daktari.

Wakati unasubiri: kula, kuongea, kuishi

Kantini ya chuo inaitwa shitang, unajaza hela kwenye kadi ya mwanafunzi na chakula ni rahisi kuliko popote. Waislamu, tafuteni dirisha au kantini yenye maandishi 清真, qingzhen, maana yake halali, vyuo vingi wanayo, na migahawa ya tambi za Lanzhou iko kila mtaa. Jifunze sentensi hii kabla ya zote, "wo bu chi zhurou", sili nguruwe, maana nguruwe wanamweka hata kwenye mboga. Ya pili "bu yao la", usiweke pilipili. Pilipili yenyewe sio ya kwetu, kuna punje za huajiao zinatia ganzi ulimi, ukizing'ata mara ya kwanza usiogope, inaisha. Asubuhi Wuhan wanakula reganmian, tambi zenye sosi ya ufuta, mpe siku tatu utaizoea. Ugali unapatikana, tafuta unga wa mahindi unaoitwa yumi mian, ni wa njano na una chenga kidogo. Ila kabla hujanunua jiko la umeme soma sheria za hosteli, nyingi zinakataza na wanapita kukagua.

Watu watakuangalia. Watakupiga picha kwenye metro, mtoto atamvuta mama yake akuone, bibi mmoja aliwahi kunishika nywele taratibu kama anagusa kitambaa dukani. Nilikasirika siku ile, baadae nikajifunza kusema "bu yao", sitaki, kwa sauti ya kawaida na inatosha. Na kuna neno utalisikia kila dakika, "neige neige", linasikika kama tusi la Kiingereza kwa watu weusi. Sio tusi. Maana yake "ile" na wanalitumia kama sisi tunavyosema "yaani" tukiwa tunatafuta neno. Nimeona mgeni akitaka kupigana kwa ajili yake, nakuomba usifike huko.

Kwa mtanzania au mzambia kuna neno jingine, "Tanzan tielu", reli ya TAZARA. Wazee wengi wa kichina wanaikumbuka, wengine wana ndugu walioenda kuijenga kule kwetu miaka ya 70. Mzee mlinzi wa geti letu nilipomwambia natoka Tansangniya alisema maneno hayo mawili akasimama akanipa mkono, na tangu siku ile hajawahi kuniona nachelewa bila kunifungulia.

Upweke upo na unakuja wiki ya tatu, sio ya kwanza. China yote inatumia majira mamoja ya saa, tumetangulia Afrika Mashariki kwa masaa 5, kwahiyo nyumbani ikiwa saa tisa alasiri huku ni saa mbili usiku, panga na nyumbani muda huo wa kupigiana kwa siku fulani na msikose. Tafuta wenzako, ukifika chuo uliza kundi la WeChat la watanzania, wakenya, wakongo, warundi, wanyarwanda, mara nyingi tunajikuta tumekaa meza moja kwasababu ya Kiswahili. Namba za kuweka kwenye simu leo: 110 polisi, 120 ambulensi, 119 zimamoto, na ya ubalozi wako Beijing.

Mtu akikwambia kuna kazi ya kufundisha watoto Kiingereza, hela nzuri, bila karatasi, kataa. Kibali cha masomo hakiruhusu kazi mpaka chuo na uhamiaji wakukubalie, faini inaanzia yuani 5,000 na unaweza kurudishwa nyumbani.

Siku ya kuchukua pasipoti

Usiondoke kaunta. Fungua ukurasa wa kibali, soma jina herufi kwa herufi, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuisha. Kikiwa na kosa kirekebishwe pale pale. Piga picha, mpelekee mwalimu wa ofisi ya wageni, peleka kopi paichusuo wabadilishe rekodi yako kutoka viza kwenda kibali, na ile benki iliyokwambia urudi, rudi sasa. Alafu kwenye kalenda ya simu weka alamu siku 45 kabla ya hiyo tarehe ya kuisha, kwasababu maombi ya kuongeza muda yanatakiwa yafike siku 30 kabla, na barua ya chuo nayo inataka wiki yake.